Upweke Katika Picha za Giza

Kianjokoma ni soko la wakulima wa chai, juu ya mji wa Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, karibu na ukingo wa msitu. Ni mahali pa baridi na ukungu, ambapo watu hujuana kwa majina, na mgeni akipita hutambulikana mara moja. Mtu wa pwani akiambiwa kwamba mahali kama hapo pana upweke, huenda akacheka. Upweke, atasema, ni ugonjwa wa Nairobi na London, wa watu wanaoishi ghorofani bila kumjua jirani wa mlango wa pili.

Lakini jina la Kianjokoma lilipata kujulikana nchi nzima kwa msiba. Mwanzoni mwa Agosti 2021, wakati wa kafyu ya Korona, ndugu wawili wa nyumba moja, vijana waliokuwa wakisoma, walifariki baada ya kukamatwa na polisi usiku. Wakazi waliandamana kwa hasira, na askari sita wakafikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji, wakakana. Kwa siku kadhaa picha za vijana wale zilipita katika simu za watu kote nchini. Watu ambao hawajaikanyaga Embu walisikitika na kuandika rambirambi zao. Kisha zikaja habari nyingine, na vidole vikaendelea kupekua.

Haifai kusema kwamba masikitiko yale yalikuwa ya uongo. Hata hivyo yafaa tujiulize: yawezekanaje tupate habari za kilio cha mtu wa mbali kwa nukta moja, na huku hatujui kwamba jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hajalala kwa wiki nzima? Swali hilo watengenezaji wa senema wamelishughulikia kwa miaka mingi, hasa katika zile picha ambazo hapa tutaziita picha za giza.

PICHA ZA GIZA NI ZIPI?

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Wafaransa walipoanza kuletewa tena picha za Kimarekani, wahakiki wao waliona kwamba kuna jambo geni limeingia. Picha zilikuwa za usiku mtupu, barabara zimelowa mvua, na nusu ya uso wa mchezaji imo kivulini. Mwaka 1946 walizipa jina la picha nyeusi. Tangu hapo aina hiyo imekua, na leo tunaihesabia humo kila picha inayoingia katika moyo wa mtu aliyeelemewa bila kumalizia kwa harusi na ngoma.

Mojawapo iliyotajika sana ni "Taxi Driver" ya mwaka 1976, iliyoongozwa na Martin Scorsese na kupata tuzo kubwa ya Cannes. Mchezaji wake, Robert De Niro, ni dereva wa teksi katika jiji la New York, aliyewahi kuwa askari vitani. Hapati usingizi, kwa hiyo huendesha gari usiku kucha. Abiria huingia na kutoka, wa kila namna, na wote huuona mgongo wake tu. Mtu huyu huonana na watu wengi kuliko muuza kahawa wa barazani, wala hapana hata mmoja anayejua yaliyomo kichwani mwake, mpaka siku yanapolipuka kwa damu.

Kisa hicho kina asili yake. Mwandishi wake, Paul Schrader, ameeleza kwamba katika ujana wake alipita kipindi kibaya, akilala garini na kuzurura mjini usiku. Tumbo lilipomzidi akaenda hospitali, na alipoanza kusema na muuguzi ndipo alipotambua kwamba alikuwa hajazungumza na mtu yeyote kwa majuma kadhaa. Hapo ndipo likamjia wazo la teksi, sanduku la chuma linalopita katikati ya umati na ndani yake mna mtu mmoja.

Wapenzi wa picha za Kihindi watamkumbuka Guru Dutt. Katika "Kaagaz Ke Phool", yaani maua ya karatasi, ya mwaka 1959, yeye mwenyewe alicheza kama mwongozaji maarufu wa senema ambaye nyumba yake imevunjika na mtoto wake amewekwa mbali naye. Umaarufu unapomtoka, rafiki nao wanamtoka. Mwishowe anarudi kufia katika kiti chake cha kazi, ndani ya jumba tupu la kutengenezea picha. Watazamaji wa wakati ule hawakuipenda, ikaanguka sokoni, na Guru Dutt hakuweka tena jina lake kama mwongozaji wa picha nyingine. Alifariki mwaka 1964, umri wake miaka 39, baada ya pombe na vidonge vya usingizi kukutana mwilini. Leo picha hiyo inahesabiwa miongoni mwa picha bora za Bara Hindi. Sifa zimekuja, na mwenyewe hayupo kuzisikia.

ZA KWETU NAZO

Kenya nayo imetoa picha za namna hii. Mwaka 2016 Mbithi Masya alitoa "Kati Kati", iliyopata tuzo ya wahakiki wa kimataifa katika maonyesho ya Toronto. Mwanamke mmoja, Kaleche, anazinduka peke yake porini, amevaa nguo za hospitali, wala hakumbuki chochote cha maisha yake. Mbele yake anaona nyumba za wageni, na waliomo wanampokea kwa furaha na kumwarifu kwamba wote wamekwisha kufa. Pale wana chakula, vinywaji na michezo. Wasichoweza ni kuondoka. Kila mmoja amebeba jambo alilolitenda au alilotendwa, amelificha, na kicheko cha mchana ni pazia la kulifunika.

Sisi Waislamu tuna itikadi yetu juu ya yanayomkuta mtu baada ya mauti, na picha hii haikukusudia kufunza akida. Yafaa itazamwe kama fumbo la walio hai. Wangapi wamo katika "kati kati" yao, wanakula, wanacheka, wanaitikia salamu, na ndani wamekwisha kukatika na watu?

Iko pia "The Letter", picha ya mambo ya kweli, iliyotengenezwa na Maia Lekow na Chris King na kutolewa mwaka 2019. Hii ni ya pwani hasa. Kijana anayeishi mjini anapata habari kwamba bibi yake huko Kilifi ameitwa mchawi katika Facebook. Anarudi kijijini kuchunguza, na huko anakuta wazee wengi wanatuhumiwa hivyo na watu wa damu yao, na nyuma ya tuhuma hizo kuna tamaa ya mashamba. Simu iliyotazamiwa kuwaleta karibu mjukuu na bibi ndiyo iliyotumiwa kumtoa bibi katika jamaa. Mzee huyo hakuishi msituni peke yake. Alikuwa na watoto, wajukuu na majirani. Upweke wake ulitengenezwa na watu wake wenyewe, kwa maneno.

Ukizipanga picha hizi zote pamoja, utaona zinakutana katika jambo moja. Dereva wa New York, mwongozaji wa Bombay, bibi wa Kilifi na Kaleche wa porini, hakuna hata mmoja aliyekosa watu. Wote walikosa mtu wa kuwauliza swali na kungoja jibu. Sisi tulioketi nje ya picha twaona wazi, tena mapema, kwamba fulani anaumia. Waliomo ndani ya picha hawaoni, kwa kuwa kila mmoja ana shughuli zake. Faida ya picha ya giza ni hiyo, kwamba kwa muda wa saa mbili inatuzoeza kumtazama mtu mmoja bila kugeuza uso.

JUMBA NA MFUKO

Zamani hata kutazama kwenyewe kulikuwa ni kukutana. Wazee wa Unguja wanaikumbuka Majestic na Empire, wa Mombasa wanaikumbuka Regal na Naaz. Watu walivaa, wakanunua karanga, wakangojana mlangoni. Kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na mama aliyefungwa na kazi za nyumba juma zima alipata kutoka na shoga zake. Picha ikiwa ya huzuni, jumba zima lililia, na njiani kurudi watu walijadili nani mwenye makosa. Mwenye lake moyoni aliweza kulia machozi yake chini ya kivuli cha machozi ya wengine, na mwenziwe akapata nafasi ya kumwuliza, "Mbona leo umelia hivyo, bibi wee?"

Majumba yale mengi yamefungwa au yamegeuzwa kazi nyingine. Leo senema imo mfukoni, Mombasa na Kianjokoma sawasawa. Kijana huingia chumbani, hutia waya masikioni, na picha ya giza huitazama gizani peke yake saa nane za usiku. Ikimgusa, hana wa kumwambia. Ikiisha, simu humletea nyingine ya namna ile ile bila kuulizwa. Picha ni ile ile iliyowaliza watu pamoja. Kilichopungua ni ile njia ya kurudi nyumbani.

Mwezi Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kwamba mtu mmoja katika kila sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusika na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Walio wengi hawakuwa wazee kama tunavyodhani. Vijana, ambao simu haziwatoki mkononi, ni miongoni mwa walioathirika zaidi.

TUSIZIAMINI KWA KILA JAMBO

Pamoja na sifa hizo, picha za giza zina dhambi yao. Nyingi zinamchora mgonjwa wa akili kama muuaji. Katika "Joker" ya mwaka 2019, mgonjwa aliyekuwa akipata dawa na mshauri ananyang'anywa vyote kwa sababu serikali ya mji imepunguza fedha. Hilo ni funzo la kweli. Lakini mwisho wake ni bastola, na mtazamaji hutoka akimwogopa jirani yake mgonjwa badala ya kumhurumia. Ukweli ni kwamba wagonjwa wa akili walio wengi hawamdhuru mtu, na mara nyingi zaidi wao ndio wanaodhuriwa.

Hofu hiyo hata sheria iliibeba. Kwa miaka mingi, Kenya ilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, chini ya kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai. Aliyeokolewa kamba shingoni alitoka hospitali akapelekwa kortini. Kwa hiyo jamaa walificha, naye akabaki na siri yake. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Dini yetu imekataza mtu kuitoa nafsi yake, na katazo hilo lipo pale pale. Lakini dini hiyo hiyo imempa mgonjwa haki ya kutembelewa, na jirani haki ya kuangaliwa, hata kabla hajafika ukingoni.

Nasi wa pwani tuna desturi yetu ya kuficha. Mtu akinyamaza siku nyingi, akikosa usingizi, akiacha kula na kuacha kutoka, husemwa ana jini, au imani yake imepungua, na mlango hufungwa ili watu wasijue. Kusomewa dua ni jambo jema, na daktari naye ni sababu katika sababu. Hospitali ya Port Reitz kule Mombasa na Kidongo Chekundu kule Unguja zina watu waliosomea maradhi haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ndugu msomaji, lugha yetu ina salamu ndefu kuliko lugha nyingi. Hujambo, habari za nyumbani, watoto hawajambo, u hali gani. Tumezizoea mpaka jibu limekuwa moja tu: salama. Safari hii ukimwuliza mtu hali yake naye akakujibu "salama" huku macho yanasema jingine, usiondoke upesi. Vuta kiti, agiza kahawa ya pili, umwulize tena.