Kukata chuma kirefu: kile wajenga ndege wa nyumbani walinifundisha

Mimi nilisoma agronomia, sikusoma ufundi wa chuma. Lakini munajua vile maisha ya mwenye lisansi iko: kazi ikikuja, unaikamata. Ushirika mmoja wa wamama wakulima, huku Kivu ya Kusini, ulinipa nisimamie ujenzi wa kikaushio cha maharagwe. Pesa ilikuwa ya michango yao, franka kwa franka.

Tulihitaji nguzo 10 za urefu moja. Ya kwanza nilikata vizuri. Ya pili nikaipimia juu ya ya kwanza, ya tatu juu ya ya pili, hivyo hivyo hadi mwisho. Kila mara nilikata inje kidogo ya alama, milimita 2 tu. Siku ya kusimamisha juu ya simenti, nguzo ya 10 ilipita ya kwanza kwa milimita 18. Paa ilipinda, mlango ukakataa kufunga. Mama mmoja akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, ku iniversite hamukufundishwa kupima?" Sikupata jibu.

Usiku nikaanza kutafuta mu telefone namna watu wanakata chuma kirefu bila kukosea. Kumbe walimu wazuri ni wale wanaojijengea ndege nyumbani. Huko Marekani, mutu akijenga mwenyewe zaidi ya nusu ya ndege kwa kujifunza ao kujifurahisha, sheria inamuruhusu kuiandikisha. Wengi wanajenga za aluminiamu, kama zile za RV alizobuni Richard VanGrunsven, ndani ya garaji ya gari. Mwili wa ndege hizo unashikwa na vyuma virefu vinavyoenda hadi mkiani. Kama cha kushoto kinapita cha kuume, mwili unapinda na mkia unaangalia pembeni. Kule angani hakuna mama wa kukuuliza kwa upole.

Hii njo namna yao:

1. Zero ni moja. Alama zote zinapimwa kutoka ncha ileile, metre haihamishwi. Ukipima matundu 40, kila moja kutoka kwa lililotangulia, na kukosa nusu milimita upande uleule, mwishoni umekosa karibu sentimita 2.

2. Mfano ni moja. Kila kipande kinapimiwa juu ya mfano, si juu ya ndugu yake. Vyuma viwili vya kulingana vinafungwa pamoja, ncha zinamaliziwa mara moja.

3. Msumeno unakula. Diski ya milimita 3 inageuza milimita 3 kuwa vumbi. Bari ya metre 6 haitoi vipande 4 vya metre 1,5 kamili, ju mikato 3 imekula milimita 9. Diski ipite upande wa kutupwa, alama ibaki.

4. Kata refu kidogo, malizia na tupa. Kirefu kinapunguzwa, kifupi hakiongezwi. Kisha lainisha kingo: mu ndege, mkwaruzo mdogo unaweza kuzaa ufa, na mtikisiko unaukuza.

5. Jua linarefusha. Bari ya aluminiamu ya metre 4 ikipanda joto nyuzi 20, inaongezeka karibu milimita 2. Kwa hiyo chuma na metre vikae kwanza pamoja kivulini.

Asubuhi nilirudi pale. Bahati yangu, makosa yote yalikuwa marefu. Tulifungua buloni, nikachukua nguzo ya kwanza kuwa mfano, nikapunguza zile 9 moja moja na kumalizia na tupa. Siku mbili za fundi nililipa mwenyewe, mufukoni mwangu.

Yule mama alikuja, akafunga mlango, akafungua, akafunga tena. Halafu akasema: "Sasa leta maharagwe."