Ford: Majina Yale Yale, Magari Mengine

Kampuni ya Ford iliandikishwa Juni 1903, na leo makao yake makuu yako Dearborn, Michigan. Katika miaka yote hiyo imekuwa na mazoea ya kuyatunza majina ya magari yake hata baada ya magari yenyewe kusahauliwa. Jina hulala miaka ishirini au arobaini, kisha huamshwa na kubandikwa kwenye gari lisilofanana hata kidogo na la kwanza. Kwa hiyo anayetaka kutambua toleo jipya la Ford, liwe gari dogo, pikapu au SUV, hawezi kutegemea maandishi ya mlangoni peke yake. Rekodi zinazofuata nimezichagua kwa sababu kila moja inaonyesha mahali pengine pa kutazama.

Lililotengenezwa kwa wingi hadi likashangaza dunia

Model T ilianza kuuzwa Oktoba 1908 ikaachwa mwaka 1927, baada ya magari zaidi ya milioni 15. Hakuna modeli moja iliyofikia idadi hiyo hadi Februari 1972, Volkswagen Beetle ilipoipita. Siri yake ilikuwa mstari wa kuunganisha magari uliowashwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Highland Park. Kabla ya mstari huo, kuunganisha chesisi moja kulichukua saa 12 na nusu. Baadaye kazi hiyo hiyo ikawa inakwisha kwa dakika 93. Bei ilianza dola 850, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 aina ya bei nafuu ilikuwa chini ya dola 300.

Tangu 1914 hadi 1925 karibu zote zilipakwa rangi nyeusi, na kwa jicho la haraka zinaonekana kama pacha. Hata hivyo wajuzi huzitenganisha bila shida kwa kutazama rejeta. Hadi toleo la 1916 ilikuwa ya shaba inayong'aa. Kuanzia toleo la 1917 ikawa nyeusi na umbo lake likabadilika. Kanuni ya kulitambua gari kwa uso wake, kumbe, ni ya zamani kama kampuni yenyewe.

Pikapu iliyokaa kileleni muda mrefu kuliko zote

Ukoo wa F ulizaliwa mwaka 1948, ukiwa na matoleo kuanzia F-1 hadi lori zito la F-8. Tangu 1977 hakuna familia ya pikapu iliyouzwa zaidi yake nchini Marekani. Mwaka wake bora ulikuwa 2004: ziliuzwa 939,511 katika nchi hiyo moja, maana yake karibu mbili kila dakika, usiku na mchana. Januari 2022 ilitoka ya milioni 40.

Mtu anawezaje kuzitenganisha pikapu zinazofanana kiasi hicho? Kwa F-150 kuna mbinu ninayoipenda kuliko zote, nayo ni sumaku. Toleo la 2015 lilibadilishwa bodi, chuma kikaondolewa ikawekwa alumini, na gari likapungua uzito kwa hadi kilo 318. Bandika sumaku mlangoni. Ikishika, pikapu hiyo ni ya kabla ya 2015 hata kama muuzaji amebadilisha taa na bampa ili ionekane ya juzi. Chesisi chini imebaki ya chuma, kwa hiyo usijaribu huko. Pikapu kubwa za Super Duty zilifuata njia hiyo hiyo kwenye toleo la 2017.

Kwa matoleo mapya zaidi, nenda nyuma ya gari. Toleo la 2024 lilikuja na mlango wa nyuma wa sehemu ya mizigo ambao ndani yake kuna mlango mdogo unaofunguka kwa pembeni, ili mwenye kuvuta tela aweze kuufikia mzigo bila kuliondoa tela. Si kila F-150 ya 2024 inao, kwa kuwa ni wa kuagiza, lakini ukiuona umetoka kiwandani na gari lake, ujue ni la toleo la 2024 au la baadaye.

Jina lililozunguka kuliko yote

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wengi hupotea.

Septemba 1957 Ford ilizindua magari ya Edsel, yaliyopewa jina la mwana wa mwanzilishi Henry Ford. Yalikuwa maafa ya biashara: yalisitishwa Novemba 1959, kwa hasara inayokadiriwa kuwa dola milioni 250. Edsel ya bei ya chini kabisa iliitwa Ranger. Gari likafa na jina likabaki. Miaka ya 1960 na 1970 Ranger ilikuwa daraja la unadhifu ndani ya pikapu za F, yaani F-100 Ranger ilikuwa F-100 iliyopambwa zaidi. Kwenye toleo la 1983 Ranger ikawa pikapu ndogo inayojitegemea. Kiwanda cha Marekani kikaacha kuitengeneza mwaka 2011, nayo ikarudi huko kwa toleo la 2019.

Explorer imepita njia kama hiyo. Kabla ya kuwa SUV iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, ilikuwa jina la kifurushi cha mapambo cha pikapu za F. Lightning ilikuwa F-150 ya mbio yenye injini ya V8 ya petroli mwaka 1993. Mwaka 2022 jina hilo hilo likawa la F-150 ya umeme. Na huko Ulaya, Capri, iliyopendwa miaka ya 1970 ikiwa gari la michezo la milango miwili, ilirudishwa mwaka 2024 ikiwa SUV ya umeme.

Wako wanaoliona jambo hili kuwa udanganyifu. Mimi naliona kuwa urithi unaotumika vizuri mara nyingine, na vibaya mara nyingine. Bronco ni mfano wa vizuri. Ya kwanza ilitoka mwaka 1965, ikasitishwa 1996, ikarejea Julai 2020 ikiwa na taa za mviringo na mwili wa pembe nne, na milango na paa vinavyoweza kung'olewa. Aliyeijua ya babu anaitambua ya mjukuu bila kuambiwa. Lakini angalia kuna Bronco na kuna Bronco Sport. Ya kwanza imekaa juu ya chesisi ya kujitegemea, kama pikapu, na hutengenezwa Wayne, Michigan. Ya pili haina chesisi hiyo, ni ndogo, na hutoka Hermosillo, Mexico. Anayenunua moja akidhani ni nyingine atajuta siku ya kwanza ya matope.

Ndogo kuliko zote

Miongoni mwa pikapu za Ford za soko la Marekani, ndogo kuliko zote ni Maverick, yenye urefu wa mita 5.07. Ilipozinduliwa Juni 2021, bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 19,995 kabla ya gharama za usafirishaji, na injini yake ya kawaida ilikuwa ya mseto wa petroli na umeme. Nalo jina hili ni la marudio. Maverick ya kwanza, gari dogo la watu wa kipato cha kawaida, ilitoka Aprili 1969 kwa bei ya dola 1,995. Wauzaji wa 2021 walikuwa na kumbukumbu nzuri.

Tofauti nyembamba kuliko zote

Sheria za Marekani zinataka gari lenye upana wa inchi 80 au zaidi liwe na taa ndogo tatu za utambulisho zilizopangwa pamoja, pamoja na taa za pembeni za kuonyesha upana. F-150 ya kawaida ina upana wa inchi 79.9. Imepona kwa sehemu moja ya kumi ya inchi, yaani milimita mbili na nusu.

F-150 Raptor, yenye mabega yaliyotanuliwa kwa ajili ya jangwa, hufikia takriban inchi 87, sawa na sentimita 221. Ndiyo maana kwenye grili yake, pamoja na neno FORD lililoandikwa kwa herufi kubwa badala ya nembo ya buluu, utaona taa tatu ndogo za rangi ya machungwa. Wengi huzidhania kuwa urembo, na wengine hununua za kubandika ili pikapu ya kawaida ifanane na Raptor. Pima upana. Taa zinauzwa madukani, lakini sentimita kumi na nane za bati si kitu cha kubandika.

Taa hizo hizo zikipanda juu ya paa, zikawa tano, mara nyingi unatazama Super Duty pana, yenye matairi manne nyuma. Ndiyo yenye rekodi ya kuvuta. F-450 ya toleo la 2023, ikiwa imefungwa vifaa vinavyotakiwa, iliruhusiwa kuvuta tela la pauni 40,000, zaidi ya tani 18. Kwenye chesisi ya Super Duty ndipo pia ilipojengwa SUV ndefu kuliko zote za Ford, Excursion ya 2000 hadi 2005, mita 5.76 na uzito wa zaidi ya tani 3. Hiyo huitambui kwa ukubwa tu. Nenda nyuma yake: kioo hufunguka kwenda juu, na chini yake kuna vibao viwili vya mlango vinavyofunguka kulia na kushoto.

Yenye mbio

Mustang ilizinduliwa 17 Aprili 1964 kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, na siku hiyo hiyo maagizo yalifika elfu 22. Jina lake halijakatika tangu hapo. Agosti 2018 ilitoka ya milioni 10. Mwaka huo huo Ford ilitangaza kuwa inaachana na magari madogo ya saluni huko Amerika Kaskazini, na matokeo yake Mustang ikabaki peke yake kati ya magari yasiyo pikapu, SUV wala vani.

Kali kuliko zote zilizoruhusiwa barabarani ni Mustang GTD, yenye nguvu za farasi 815. Mwaka 2024 dereva Dirk Müller aliizungusha kwenye njia ya Nürburgring, kilomita 20.832 za milima na kona, kwa dakika 6 na sekunde 57.685. Hakuna gari la Marekani lililokuwa limeshuka chini ya dakika 7 pale. Mwaka 2025 akapunguza hadi 6:52.072. Kisha, mwaka huo huo, Chevrolet Corvette ZR1X ikapita kwa 6:49.275, ikiendeshwa na mhandisi wa General Motors, si dereva wa mashindano. Kwangu hiyo ndiyo sehemu ya kusisimua zaidi ya habari nzima.

Kwa sisi tunaoendesha upande wa kushoto wa barabara, Mustang ina alama moja ya haraka. Kabla ya toleo la 2015 haikuwahi kutoka kiwandani na usukani wa kulia. Ukiiona ya 2008 yenye usukani wa kulia, Nairobi au Dar es Salaam, imegeuzwa na fundi, na ni haki yako kuuliza ni fundi gani. Bronco na Maverick hutoka kiwandani na usukani wa kushoto tu. Msomaji wa Muscat, anayeendesha upande wa kulia, hana shida hiyo.

Inayochanganya kuliko zote

Explorer ya Chicago ni SUV ya petroli yenye safu tatu za viti. Explorer ya Cologne, Ujerumani, ni ya umeme, ina safu mbili, na imejengwa juu ya msingi wa Volkswagen. Kampuni moja, jina moja, zote ziko sokoni. Huko Silverton, Pretoria, mambo yamegeuka: kiwanda cha Ford kinachotengeneza Ranger ndicho kinachotengeneza Volkswagen Amarok pia. Hapo majina ni mawili, na chini ya bodi ni ndugu wa damu.

Ushahidi wa namba ya chesisi

Tangu 1981 namba ya chesisi nchini Marekani ina tarakimu na herufi 17. Ya kwanza hutaja nchi: 1, 4 au 5 ni Marekani, 2 Kanada, 3 Mexico, W Ujerumani; namba zinazoanza na AA hadi AH ni za Afrika Kusini. Kwa Ford, 1FA ni gari dogo, 1FM ni SUV, 1FT ni pikapu. Nafasi ya kumi ni mwaka wa toleo kwa magari ya Amerika Kaskazini: R ni 2024, S ni 2025, T ni 2026. Herufi hizo hujirudia kila baada ya miaka 30, kwa hiyo R ni 1994 pia, lakini hakuna atakayekuuzia pikapu ya 1994 kwa sura ya 2024. Kumbuka pia kwamba mwaka wa toleo huitangulia kalenda. La 2025 lilianza kuuzwa 2024. Nafasi ya 11 ni kiwanda: F-150 yenye F imetoka Dearborn, yenye K imetoka Kansas City.

Sasa chukua Mustang Mach-E, ile ya umeme iliyoonyeshwa Novemba 2019. Mbele ina nembo ya farasi, hakuna nembo ya buluu ya Ford, na nyuma ina taa za mistari mitatu kama Mustang nyingi tangu 1964. Mashabiki wamebishana miaka kadhaa iwapo ni Mustang kweli. Namba yake ya chesisi huanza na 3FM: imetengenezwa Mexico, na Ford yenyewe imeiandikisha kama SUV. Mustang ya GT huanza na 1FA.

Mustang ya kwanza kabisa kwa namba ya mfululizo ni 5F08F100001, ya zama ambazo namba zilikuwa fupi zaidi: 5 ni toleo la 1965, F ni Dearborn, 08 ni la paa la kukunja, F ya pili ni injini ya V8, na zilizobaki ndizo hesabu. Iliuzwa kwa bahati mbaya kwa rubani mmoja wa Newfoundland, Kanada, ilhali ilikuwa ya maonyesho. Ford ilimbembeleza airudishe, naye akakubali mwaka 1966 kwa sharti la kupewa nyingine: Mustang iliyotoka pale hesabu ilipofikia milioni moja.