Sokoine, Raia Aliyesimamia Jeshi

Anayetoka Arusha kwenda Karatu na Ngorongoro hupita kwanza wilaya ya Monduli, alikozaliwa Edward Moringe Sokoine mwaka 1938. Katika njia hiyo vijana wameniuliza mara nyingi: je, Sokoine alikuwa mwanajeshi?

La, hakuwa. Aliingia Bungeni mwaka 1965, na mwaka 1972 Mwalimu Nyerere akamkabidhi Wizara ya Ulinzi. Mwaka mmoja kabla ya hapo, kwa jirani zetu Uganda, Jenerali Idi Amin alikuwa ameipindua serikali. Hapa kwetu mwenye bunduki aliendelea kupokea amri kwa raia. Mwaka 1977 Sokoine akawa Waziri Mkuu, na Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978 alimkuta katika kiti hicho.

Warumi wa kale walimsifu Cincinnatus, mkulima aliyeitwa kutoka shambani kuongoza vita. Aliposhinda, akarudi kulima. Sokoine naye aliacha uwaziri mkuu mwaka 1980, akaitwa tena Februari 1983. Safari hii adui hakuwa ng'ambo ya mpaka: alikuwa mlanguzi na mhujumu uchumi. Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma, Sokoine alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, Morogoro.

TANU ilitufundisha kuwa cheo ni dhamana. Basi mwenye dhamana huirudisha inapodaiwa, na huitika anapoitwa tena. Kwa kipimo hicho, mimi naona Sokoine hakupungua kwa yule Mrumi.