Bei ya Prosesa Mpya Haianzi Mgodini

Gisenyi, Rwanda, imekaa mlangoni mwa koltani. Ng'ambo ya mpaka ni Goma, na ukipandisha milima ya Masisi unafika Rubaya, penye machimbo makubwa ya madini hayo. Tantalamu itokayo humo huishia kwenye kapasita za kompyuta. Basi anayetaka kubashiri bei ya prosesa ijayo huenda akaona aanze kwa kuulizia bei ya koltani. Atapotea.

Mwaka 2000 tantalamu ilipanda bei mara kadhaa, Kivu ikafurika wachimbaji. Prosesa je? Machi, kampuni ya AMD ilitoa prosesa yake ya Athlon ya gigahezi 1 kwa dola 1,299. Siku mbili baadaye mshindani wake, Intel, ikaleta Pentium III ya kasi hiyohiyo kwa dola 990. (Hizo ni bei za anayebeba prosesa 1,000 kwa mpigo, mteja ambaye Gisenyi hayupo.) Kufika Oktoba, Athlon ya gigahezi 1.2 ilitangazwa kwa dola 612. Madini yalipanda, prosesa zikashuka.

Anayepanga bei ni mshindani. Mwaka 2017 AMD, ikiwa nyuma, ilitoa Ryzen 7 1800X yenye viini vinane kwa dola 499, ilhali Core i7-6900K ya Intel, nayo ya viini vinane, ilizidi dola 1,000. AMD ilipopata nguvu, huruma iliisha: Ryzen 5 3600X ya 2019 ilikuwa dola 249, mrithi wake 5600X wa Novemba 2020 akaja na dola 299. Iliyofuata, 7600X, ilitoka Septemba 2022 kwa dola 299 zilezile. Mwezi uliofuata Intel ikatoa Core i5-13600K, na kufikia Novemba 7600X ilikuwa imeshushwa hadi dola 249.

Kwa hiyo mbashiri mzuri hushika bei ya mtangulizi, hupima ubavu wa mshindani, kisha huongeza au kupunguza dola 20 hadi 50. Na tarakimu ya mwisho aweke 9; hapo hukosea mara chache.

Kwa mnunuzi wa Gisenyi imebaki hesabu ya faranga za Rwanda. Mwishoni mwa 2020 dola haikuwa imefika faranga 1,000, hivyo 5600X ilikuwa chini ya faranga 300,000. Agosti 2024 AMD ilitoa 9600X kwa dola 279, nafuu ya dola 20 kuliko 5600X. Lakini dola ilishavuka faranga 1,300: bei ikawa zaidi ya 360,000, kabla ya usafiri na faida ya mwenye duka.