Gari likishtukashtuka, usikimbilie kununua pampu

Dereva anayetoka Chekalini, Lugari, na kuingia barabara kuu ya Eldoret kuelekea Webuye hana budi kuyapita malori ya masafa marefu. Gari dogo la petroli likishtukashtuka anapokanyaga mafuta, maisha yake yamo hatarini.

Hata hivyo, wengi hununua pampu ya mafuta, ambayo ni ghali, kabla ya kuchunguza chanzo. Injini huhitaji petroli, hewa na cheche. Kimoja kikipungua, nguvu hukatika.

Gari likigutuka ghafla huku taa ya injini ikimetameta, shuku cheche. Fungua plagi uone kama zimechakaa. Iwapo kila silinda ina koili yake, fundi ahamishe koili hadi silinda nyingine. Kompyuta yake ikionyesha kuwa hitilafu imehama nayo, koili hiyo ndiyo mbovu. Usichelewe, kwani petroli isiyoungua huharibu kifaa cha kusafisha moshi.

Likilegea zaidi mlimani, pima shinikizo la mafuta na ukague vichujio vya petroli na hewa, pamoja na paipu za hewa zilizopasuka.

Tatizo likianza punde tu baada ya kujaza tangi, huenda mafuta yamechanganywa. Ili kukomesha udanganyifu huo, mwaka 2018 serikali ilitoza mafuta taa ushuru wa Sh18 kwa lita.

Hadi chanzo kijulikane, kaa nyuma ya lori.