Ukiletewa kasuku wa kijivu, usinunue

Huenda umewahi kuletewa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu hapa Bujumbura, ukaambiwa ni ndege wa kufugwa tu. Usinunue. Wengi hunaswa kwa ulimbo katika misitu ya Kongo, na wengine hufa kabla ya kumfikia mnunuzi.

Tangu Januari 2017, mkataba wa CITES umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hawa waliokamatwa porini. Burundi na Kongo zote ni wanachama. Kumvusha Gatumba bila kibali kunaweza kukuingiza matatani, hata kama ni ndege wako wa nyumbani uliyekimbia naye. Kuhusu kibali, waulize OBPE, ofisi ya serikali ya mazingira.

Kwa nini ukali huu? Mfikirie tailasini wa Tasmania, huko Australia, mnyama mwenye mistari mgongoni aliyebeba watoto mfukoni kama kangaruu. Alishutumiwa kula kondoo, na kuanzia 1888 hadi 1909 serikali ililipa pauni 1 kwa kila mkubwa aliyeuawa. Sheria ya kumlinda ilikuja Julai 1936. Wa mwisho aliyejulikana alifia bustanini Hobart, 7 Septemba mwaka huo huo.

Kasuku yeye hachukiwi. Anapendwa, na hapo ndipo penye hatari. Ghana, makundi yake yamepungua kwa asilimia 90 au zaidi tangu 1992.

Kama tayari unaye, nawa mikono kila unaposafisha tundu. Vumbi la kinyesi chake linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu.