Kwa Nini Mito ya Mlima Kenya Ipigwe Picha Bila Rangi

Je, wajua kwamba filamu ya picha nyeusi na nyeupe hufaa zaidi mahali palipojaa rangi moja? Wapiga picha wa Ulaya husubiri majani yageuke manjano na mekundu ndipo washuke vijitoni. Meru na Embu hazina majira hayo. Misitu ya Irangi na Imenti hubaki kijani mwaka mzima, huku mito ya Rupingazi, Thuchi na Kathita ikiteremka kutoka mlimani. Kwa rangi, kangaga, magome na mawe yaliyoota mimea huchanganyika kuwa kijani kimoja, na jicho hukosa pa kushika. Filamu isiyo na rangi hupima mwanga tu: jani lililolowa hung'aa, gome la mti wa kamfa huzama gizani. Kichujio cha manjano-kijani kikivishwa kwenye lenzi, majani huzidi kung'aa na shina likabaki jeusi. Msimu wake ni kipupwe, Juni hadi Agosti, mawingu yanapofunika miteremko. Jua kali huangusha madoa ya mwanga kati ya vivuli vizito, tofauti ambayo filamu huibeba kwa shida. Wingu huyasawazisha yote.

Lakini msitu wenye wingu una giza, na hapo ndipo filamu huonyesha tabia yake ya ajabu. Mwanga ukigonga chembe ya bromaidi ya fedha, huzaa atomi moja ya fedha, na atomi hiyo haidumu peke yake. Isipofuatwa upesi na nyingine ya kuungana nayo, hutoweka na kazi ya mwanga ule hupotea. Ndiyo maana kwa filamu ya Ilford FP4 Plus, kipimo kikisema sekunde 10, mpiga picha huacha kamera wazi kwa takribani sekunde 18, ikiwa imara kwenye stendi ya miguu mitatu.

Kwa muda huo maji yanayopita hulainika pichani. Kuna wanaosema kwamba maji yanayolainika hivyo ni uongo, kwa kuwa jicho haliyaoni namna hiyo. Ni kweli haliyaoni. Wala halioni tone lililogandishwa kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde. Sekunde 18 huonyesha njia ya mkondo, mahali unapozunguka jiwe na mahali unapotulia, habari ambayo tone moja haliwezi kuibeba. Pingamizi zito zaidi ni la kamera ya kidijitali: ni rahisi, na picha yake hugeuzwa kijivu kwa kubonyeza tu. Nakubali, na kwenye vivuli mara nyingi hushinda. Ila povu la maporomoko likizidi uwezo wa kihisi chake, huwa doa jeupe tupu lisilorudishika. Filamu hupokea mwanga mkali kwa kujaa polepole, hivyo ndani ya weupe ule bado huonekana nyuzi za maji, na kwa mto wenye povu kama Thuchi hilo pekee linatosha kuichagua.